Sare, Randa na Maisha ya Mjomba

"Hii sehemu ya mbao ipunguze," mwenyekiti wa kamati ya mazishi aliniambia, akinirudishia karatasi nilizokuwa nimeandika wasifu wa Mjomba. Tulikuwa tumeketi kwenye viti vya plastiki nje ya nyumba ya Mjomba mtaani Kaloleni, Nairobi, turubai limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye mti wa jirani, na wazee waliokuwa karibu wakaitikia kwamba ni kweli. "Useremala ni kazi kama kazi nyingine. Watu wanakuja kumzika askari. Weka ile picha ya sare, tena iwe kubwa."

Niliipunguza. Kijitabu kilichochapishwa kilikuwa na aya tano kuhusu jeshi, picha ya sare ukurasa mzima, na sentensi moja kuhusu yaliyofuata: baada ya kustaafu, marehemu alijishughulisha na useremala.

Miaka zaidi ya thelathini, sentensi moja.

Tulimzika vizuri. Wenzake wa zamani walikuja wakiwa na kofia zao za bereti na medali vifuani, wakasimama wima kaburini kwa muda mrefu kuliko vijana, na hakuna aliyelalamika kwamba kuna kitu kilichokosekana. Hata hivyo, sentensi ile imenikaa kooni tangu siku hiyo. Wiki zimepita, nami bado najikuta nikiiandika upya kichwani ndani ya matatu, nikipika, nikisubiri usingizi. Ndiyo maana nimeamua kuliandika jambo lenyewe hapa, kwa kirefu, pamoja na yale yaliyonibadilisha mawazo baadaye.

Kibanda cha Gikomba

Mjomba alistaafu jeshini mwaka 1990 na mwaka uliofuata akakodi kibanda katika upande wa mbao wa soko la Gikomba, ambako mashine za kupasulia magogo hunguruma tangu alfajiri na vumbi la msumeno humfuata mtu mpaka nyumbani. Nilianza kwenda huko nikiwa shuleni, likizo baada ya likizo, kwa kuwa mama yangu aliona ni heri nishinde na kaka yake kuliko kuzurura mtaani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia maranda. Kisha nikapewa msasa. Ilichukua muda mrefu kabla hajaniruhusu kushika randa.

Randa hiyo ilikuwa ya chuma, aina ya Record, iliyotengenezwa Sheffield, na mpini wake ulikuwa umesuguliwa na kiganja chake kwa miaka mingi mpaka ukang'aa. Hakuiacha kibandani hata usiku mmoja. Kila jioni aliyafuta makali yake kwa kitambaa chenye mafuta, akaizungushia kipande cha turubai la kijani, akaitia mkobani na kwenda nayo nyumbani. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba askari halali mbali na silaha yake. Moto ulipolivamia soko mwezi wa Juni 2018 na kuua watu wasiopungua 15, kibanda chake kilikuwa miongoni mwa vilivyoteketea. Benchi, jiriwa, misumeno, mbao alizokuwa amezikausha kwa miezi: vyote vilikwisha. Randa ilikuwa Kaloleni, chini ya kitanda. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alianza upya akiwa na chombo hicho kimoja, na vingine akavinunua polepole kadiri kazi zilivyokuja.

Sasa niandike kile nilichoambiwa nikipunguze.

Gikomba kuna mafundi wengi hodari, na wengi wao hununua mbao za saiprasi zikiwa bado mbichi asubuhi na kuuza mlango jioni, kwa sababu kodi haingoji. Mjomba hakufanya hivyo. Mbao zake alizipanga safu juu ya safu, akatia vijiti vyembamba kati ya ubao na ubao ili upepo upite, na akaziacha zikauke kwa wakati wake. Mteja mwenye haraka alimwelekeza kwa jirani bila kinyongo. Nilipouliza kwa nini tunawapoteza wateja, alinionyesha mlango wa kibanda kilichokuwa mkabala nasi, ambao ulikuwa na ufa unaopitisha kidole. Ubao, alinieleza, haubadiliki sana kwa urefu. Kwa upana ndiko hunywea unapokauka na kutanuka unapoinywa hewa yenye unyevu, kwa hiyo mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi wakati wa masika hupasuka kabla ya mwaka kwisha.

Fremu ya mlango aliiunga kwa kuchonga ulimi kwenye ncha ya ubao mmoja, unene wa ulimi ukiwa thuluthi moja ya unene wa ubao, na kuuingiza katika tundu alilolichonga kwa patasi kwenye ubao wa pili. Alitoboa kiungo hicho kwa keekee na kupigilia kijiti cha mvule. Hakutumia msumari hapo. Lakini ubao mpana wa katikati, ule ambao macho ya mteja hutua kwanza, hakuutia gundi kamwe. Aliuingiza ndani ya mfereji uliozunguka fremu nzima na kuuacha huru, ili mvua zikija utanuke, jua likija unywee, na mlango wenyewe usijue lolote.

"Upe nafasi ya kutembea," alisema, akiusukuma kwa kidole gumba ili nisikie ukicheza kidogo. "Ukiubana sana, utakupasulia kazi."

Kuna milango yake Umoja, Buruburu na Jericho ambayo inafunga sawasawa hadi leo bila kuburuta sakafu. Kuna madawati yake kanisani. Kuna majeneza pia, aliyowatengenezea majirani wasiokuwa na uwezo, na hayo hakuyatoza hata shilingi. Nilipoiambia kamati mambo haya, sikuwa najaribu kuwapunguzia watu askari wao. Nilitaka tu yule niliyemjua apate nafasi ya kuingia katika wasifu wake mwenyewe.

Fundi aliyevaa sare

Kadiri nilivyolitafakari, ndivyo nilivyoona kwamba kamati iliyagawanya maisha yake mahali ambapo hayakugawanyika. Useremala haukuanza baada ya jeshi. Alifunzwa na jeshi.

Aliandikishwa mwaka 1966, akiwa kijana wa miaka 19 aliyetoka Kakamega. Jeshi lenyewe lilikuwa changa kwa jina, kwa kuwa vikosi vya KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) vilivyokuwa Kenya viligeuzwa kuwa Kenya Rifles siku ya uhuru, Desemba 12, 1963. Yeye alitaka kuwa dereva, kama walivyotaka wote. Afisa mmoja akauliza nani amewahi kushika nyundo, naye akanyoosha mkono kwa sababu alikuwa amemsaidia baba yake kujenga ghala la mahindi. Huo ndio ulikuwa mwanzo wote.

Huyo baba yake, babu yangu, alikuwa ametumwa Burma na KAR wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa katika ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944, kwenye matope na malaria, hadi mto Chindwin. Pale Kalewa, mwezi wa Desemba mwaka huo, wahandisi wa jeshi waliunganisha daraja la vyuma lenye urefu wa karibu mita 350, ambalo wakati huo lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani. Babu hakupenda kuzungumza kuhusu mapigano. Daraja alilizungumzia mpaka wajukuu wakalichoka. Mjomba alipomwambia kwamba jeshi limemweka upande wa mafundi na kwamba anaona haya kwa wenzake, Babu alimjibu maneno ambayo Mjomba alinirudia mimi mara nyingi: "Bunduki ilitufikisha mtoni. Waliotuvusha ni mafundi."

Watu huliwazia jeshi kuwa ni kwata na bunduki. Mjomba alilieleza kama mahali ambapo kila kitu huvunjika na lazima mtu akitengeneze kabla ya kesho: sakafu za malori, vitanda, masanduku ya zana, mapaa ya mahema yaliyogeuka kuwa nyumba, mbao za kushikilia kuta za mahandaki kwenye mchanga usiokubali kusimama, shabaha za kufyatulia risasi, meza za maafisa. Alipimwa na kupandishwa daraja kwa daraja, kama vile askari mwingine anavyopimwa shabaha. Baadaye, akijua kwamba raia hawasomi vyeti vya kambini, alifanya mitihani ya ufundi ya serikali kutoka Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza. Kibandani Gikomba palining'inia cheti hicho cha Gredi ya Kwanza, mpaka moto ulipokichukua. Medali zake zilikaa nyumbani ndani ya kopo la biskuti.

Alikuwa na moja ya Umoja wa Mataifa, ya Namibia. Kenya ilipeleka kikosi cha askari wa miguu katika ujumbe uliosimamia uchaguzi wa Novemba 1989 na kuingia kwa uhuru wa nchi hiyo Machi 21, 1990. Hiyo ilikuwa safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Mzee mmoja aliyekuwa naye huko alitoa ushuhuda kwenye mazishi, na nilimsikiliza kwa makini nikitarajia habari za doria. Alizungumza kuhusu viti. Alisema kuwa Mjomba alikusanya mbao za makreti yaliyoletea vifaa, akawatengenezea watoto wa shule iliyokuwa karibu na kambi yao viti vya kukalia, na kwamba yeye, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika msumeno, alijifunza kupiga randa akiwa nchi ya watu. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti wa kamati pia alipiga.

Miguu na mikono

Nimekuwa nikipita Kenyatta Avenue mara kwa mara siku hizi, na nimekuwa nikisimama pale penye sanamu tatu za shaba ambazo wengi wetu huzitumia tu kama mahali pa kukutania. Zimekuwa hapo tangu mwaka 1928, zikiwakumbuka Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mmoja wa watatu hao ni mpagazi. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling na kuchongwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ahadi hiyo haikutimizwa kwa wapagazi. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakitumikia dola ya Uingereza katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Walichukuliwa kuwa idadi. Kilichobaki kwetu Nairobi ni sanamu moja ya shaba na jina la mtaa na soko la Kariokor, jina lililotokana na kikosi chao cha Carrier Corps, ambalo makondakta huliita kwa sauti mchana kutwa.

Najua kwamba Mjomba si mpagazi wa mwaka 1916. Aliandikwa jina, alilipwa mshahara, alipewa medali. Lakini ninapoyasoma maneno yale kuhusu miguu na mikono, naona kwamba mazoea ya kuwaheshimu wenye bunduki na kuwapitia haraka wenye mikono ni ya zamani sana, na hayakuletwa na kamati yetu ya Kaloleni. Mwenyekiti alisema tu kile ambacho mji mzima umekuwa ukikisema.

Hapo nilikuwa nimefikia uamuzi wangu, na laiti makala haya ningeyaandika wiki hiyo, yangekuwa mafupi na makali zaidi.

Swali la Kaskazini

Kuna jambo lililonizuia kuwa mkali. Nilipoandika zile aya tano za jeshi, niliandika kwamba marehemu alitumikia Garissa, Wajir na Mandera katika miaka ya vita vya Shifta, vya waasi wa Kisomali waliotaka Kaskazini ijitenge na Kenya, ambavyo vilianza mwaka 1963 na kufikia kikomo kwa makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Niliiandika kama sifa. Katika kundi la waombolezaji alikuwapo jirani yake, mzee kutoka Wajir, aliyemjua Mjomba kwa miaka mingi na ambaye milango ya duka lake huko Eastleigh ilitengenezwa na mikono hiyo hiyo. Nilimwona akiisoma aya hiyo, akakikunja kijitabu taratibu na kukitia mfukoni.

Wakenya wa Kaskazini wanaikumbuka vita ile kwa namna nyingine: kukusanywa vijijini kwa nguvu, mifugo kuchukuliwa, sheria za hali ya hatari zilizodumu muda mrefu baada ya mapigano kwisha. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 iliyaweka mambo hayo kwenye maandishi, pamoja na mauaji ya raia yaliyofanywa na wanajeshi huko Wagalla, Wajir, Februari 1984. Siku moja, ripoti hiyo ikiwa inazungumzwa redioni, nilimuuliza Mjomba yeye alikuwa akifanya nini huko. Alikuwa akinoa patasi. Hakuacha kunoa.

"Nilikuwa nikijenga," alisema. Akaipima makali kwenye ukucha, akairudisha juu ya jiwe. "Lakini ukijenga kambi, wewe ni wa kambi. Usije ukasema kwamba mjomba wako alikuwa fundi tu."

Nilikuwa nimeyasahau maneno hayo hadi nilipoanza kumtetea fundi dhidi ya askari. Maana yake kwangu yalikuwa wazi, na yalinikatisha njia. Ningetamani sana kumkumbuka kwa milango tu, kwa sababu mlango hauna deni kwa mtu yeyote. Yeye mwenyewe alikataa nafasi hiyo. Basi kama kamati ilimpunguza kwa kuificha randa, mimi nami nilikuwa karibu kumpunguza kwa kuificha sare, na sababu zangu zilikuwa safi kuliko alivyopenda kuzisikia.

Picha ya ukutani

Binamu yangu, mtoto wake wa kwanza wa kiume, alikuja Nairobi wiki kadhaa baada ya mazishi kushughulikia kibanda na vyombo. Nilimweleza manung'uniko yangu yote, kuanzia mwenyekiti hadi sanamu za Kenyatta Avenue. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba ni yeye aliyemwomba mwenyekiti aipunguze sehemu ya mbao.

"Wewe ulikuwa naye," aliniambia. "Ulikaa naye likizo zote kibandani. Mimi nilikuwa na picha."

Nilijua hayo kama mtu anavyojua habari za nyumba ya jirani. Binamu yangu alilelewa Kakamega na mama yake na Babu wakati Mjomba alikuwa kambini, na alimwona baba yake kwa siku chache za likizo katika mwaka. Picha ya sare ilining'inia ukutani juu ya meza ya kulia. Mama yake aliifuta vumbi kila Jumamosi. Ada ya shule ilipofika, iliambiwa imetoka kwenye picha ile. Alipokosea, aliambiwa atashtakiwa kwenye picha ile. Mwaka 1990 baba yake aliporudi uraiani, yeye alikuwa ameshamaliza shule na kuondoka, na yule mzee wa randa, mwenye subira, anayemwonyesha kijana jinsi ya kusikiliza ubao, alikuwa mtu ambaye hakupata kuishi naye.

"Ulitaka nisomewe mbele ya watu habari za mtu niliyemkosa," alisema. "Yule wa sare ndiye niliyempata."

Sikuwa na jibu, na sikulitafuta. Alikuwa pia na uchovu mwingine ambao mimi sikuwahi kuubeba. Kwa miaka mingi ndiye aliyemwandikia baba yake barua za malipo ya uzeeni, akijaza fomu zile zile kwa ofisi moja ya serikali ambayo kila mara iliomba nakala ya kitu ilichokuwa tayari imepewa. Ilipopitishwa sheria ya mwaka 2022 kuhusu maveterani wa jeshi, alimsomea baba yake kwa simu, kifungu kwa kifungu, na Mjomba akamuuliza kama kuna kifungu cha mafundi. Binamu yangu alidhani anatania. Mimi nadhani aliuliza kwa dhati.

Namba

Tulikwenda Gikomba pamoja. Mwanagenzi wake wa mwisho, kijana mtulivu ambaye amekuwa akilinda kibanda bila kulipwa, alikuwa amezipanga kazi zilizobaki: kabati lisilo na milango, stuli mbili, na meza ya kuandikia iliyoagizwa na mteja wa Umoja. Meza ilikuwa imekwisha isipokuwa vanishi. Binamu yangu, ambaye hajui habari za mbao na hasemi kwamba anazijua, aliivuta droo ili aone kama kuna karatasi ndani, ikatoka yote mikononi mwake, akaigeuza.

Upande wa chini palikuwa na tarakimu zilizoandikwa kwa penseli ya seremala, kubwa, zenye mkazo.

Mimi nimeziona tarakimu hizo tangu utotoni. Mjomba aliziandika chini ya kila kitu kilichotoka mikononi mwake: chini ya droo, nyuma ya kabati, kwenye ukingo wa juu wa mlango ambako mtu hafiki bila ngazi. Sote kibandani tulizichukulia kuwa alama ya karakana, na mwanagenzi alinithibitishia kwamba naye alidhani ni namba ya leseni ya baraza la jiji.

"Hii ni namba yake ya jeshi," binamu yangu alisema.

Hakuhitaji kuangalia popote. Alikuwa ameijaza kwenye fomu mara nyingi mno. Askari huandika namba yake kwenye kila kitu anachopewa, kwenye sahani, kwenye blanketi, kwenye kisanduku chake, ili kikipotea kijulikane ni cha nani. Naye alikuwa ameendelea kuiandika kwenye kazi zake baada ya kuivua sare, zaidi ya miaka thelathini, bila kumwambia mtu. Mimi niliyekaa naye kibandani sikuijua maana yake. Yeye aliyeijua kwa kichwa hakuwahi kuigeuza droo.

Tuliketi kwenye benchi na kuzungumza mpaka mashine za sokoni zikazimwa. Nilimwonyesha jinsi kona za droo zilivyoshikana meno kwa meno, bila msumari. Aliniuliza iwapo baba yake alikuwa akiimba akifanya kazi. Nilimwambia kwamba alikuwa akipiga mluzi, wimbo wa kwata, wa polepole, na kwamba mwanagenzi angeweza kumpigia. Mwanagenzi akaupiga. Binamu yangu aliutambua katikati, kwa kuwa ndio ambao Mjomba aliupiga akipanda njia ya kwenda nyumbani kutoka stendi, siku za likizo, na watoto wakakimbia kumlaki.

Tulichokubaliana

Kijitabu cha mazishi kimekwisha kuchapishwa na kugawanywa; hakibadiliki. Ila jiwe la kaburi bado halijachongwa, na maandishi yake yatakuwa na jina, miaka, neno seremala, neno askari, na namba. Bado tunavutana kuhusu neno gani litangulie, na mkewe, ambaye ndiye mwenye uamuzi, ametuambia tumalize kwanza kazi ya mteja wa Umoja. Mwanagenzi ataipaka meza vanishi wiki hii. Kibanda kitabaki kwake, na randa pia, kwa masharti ya binamu yangu kwamba asiilaze Gikomba.

Tunachokifanya sasa ni orodha. Tunataka kujua kazi zake ziko wapi, kwa kuwa hakuweka daftari la wateja baada ya lile lililoungua mwaka 2018, na kwa kuwa wajukuu zake wanauliza. Namba yenyewe sitaiandika hapa. Lakini kama uliwahi kununua au kurithi mlango, meza, kabati au kitanda kutoka kwa fundi mrefu wa Gikomba aliyekataa kukuharakishia kazi, tafadhali igeuze droo, au panda ngazi uangalie ukingo wa juu wa mlango, na kama kuna tarakimu za penseli nene, nitumie picha yake na jina la mtaa ulipo. Za Kaloleni na Jericho tumekwisha kuziandika. Tunatafuta za Umoja, Buruburu, Eastleigh na Kayole, na viti vyovyote vilivyo Namibia.